Max Perutz: Miaka 22 kwa Molekuli Moja

Wanachuo wenzangu, mliopita darasa la baiolojia ya molekuli mtakuwa mnalikumbuka jina la Max Perutz. Kwenye noti zetu ana mstari mmoja tu: alitambua umbo la himoglobini, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962. Basi. Unaukariri mstari, unaumwaga kwenye mtihani, na bumu likitoka umeshausahau.

Mimi kilichonishika ni hesabu. Perutz alianza kuichunguza himoglobini mwaka 1937. Umbo lake la kwanza la kueleweka alilipata mwaka 1959. Hiyo ni miaka 22, na mimi nina miaka 22. Yaani tangu nazaliwa Kimamba hadi leo niko mwaka wa tatu hapa chuoni, mtu huyu angekuwa bado anahangaika na kitu kimoja, kidogo mno hata hadubini ya maabara yetu haikioni. Nikataka kujua alikuwa anatafuta nini hasa, na je, sisi watu wa Kilosa kinatuhusu?

Max Ferdinand Perutz alizaliwa tarehe 19 Mei 1914 mjini Vienna, Austria. Ukoo wao ulikuwa na asili ya Kiyahudi na ulitajirika kwa viwanda vya nguo. Wazazi walikuwa wameshampangia maisha: asome sheria, arudi kuendesha biashara ya familia. Mwalimu mmoja wa sekondari ndiye aliyeuvuruga mpango huo, kwa kumfundisha kemia vizuri mpaka kijana akaipenda. Mwaka 1932 akaingia Chuo Kikuu cha Vienna kusoma kemia, na wazazi wakakubali. Sisi tunaosomea ualimu tusiruke hapo haraka. Jina la mwalimu yule halimo kwenye noti zetu.

Mwaka 1936 Perutz akaenda Cambridge, Uingereza. Alitaka kufanya kazi kwa Gowland Hopkins, mtaalamu wa vitamini. Profesa mmoja wa Vienna, Hermann Mark, alikuwa anasafiri kwenda huko, akaombwa amsemee. Alipofika akasahau kabisa ombi la kijana. Lakini akakutana na J. D. Bernal, aliyekuwa anatafuta mwanafunzi wa kupiga fuwele picha kwa mionzi ya eksirei. Mark akamtaja Perutz. Perutz hakujua lolote kuhusu mionzi hiyo. Akaenda hivyo hivyo, akajifunzia kazini.

Mwaka uliofuata ndugu yake wa ukweni, Felix Haurowitz, mwanakemia wa Prague, akamshauri aishike himoglobini. Ni protini iliyomo ndani ya seli nyekundu za damu, ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kuipeleka mwilini. Ilikuwa rahisi kuipata na iligeuka fuwele nzuri. Haurowitz naye alikuwa ameona jambo la ajabu chini ya hadubini: fuwele za himoglobini isiyo na oksijeni, oksijeni ikiingia, zilibadilika umbo na kuvunjika. Maana yake molekuli hii haikai tu kama ndoo ya kutekea maji. Inajigeuza. Swali likawa: inajigeuzaje?

Naomba nieleze kidogo hapa, maana bila hivyo miaka 22 haieleweki. Protini ni mnyororo wa asidi amino, moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Jumla 574. Lakini uzi huo haukai umenyooka. Unajikunja, kama kamba ya shanga uliyoisokomeza mfukoni. Ukiitoa mfukoni utakuta shanga ya 94 imelaliana na ya 146, ingawa kwenye uzi zimeachana sana. Huko kulaliana ndiko wataalamu wanakoita mgusano. Migusano ndiyo inayoipa protini umbo, na umbo ndilo linaloipa kazi. Ukitaka kujua protini inafanyaje kazi, huna budi kujua nani amekaa jirani na nani.

Leo tunafanya hivyo kwa laptopu. Pale maktaba, mtandao ukiwa umekaa sawa, nilipakua bure umbo la himoglobini ya binadamu kutoka Protein Data Bank, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1971. Namba yake ni 4HHB, na mmoja wa waliolitengeneza ni huyu huyu Perutz, mwaka 1984. Unaiambia programu: nitajie kila asidi amino mbili zilizo karibu kuliko nanomita 0.8. Kwa asidi amino 574 kuna jozi 164,451 za kukagua, na kompyuta inamaliza kabla hujameza chai. Inakuchorea ramani ya migusano: mraba wenye vidoti, kila kidoti ni majirani wawili. Vidoti vilivyopanga mstari katikati havina habari mpya, ni shanga zinazofuatana kwenye uzi. Habari iko kwenye vidoti vya mbali, maana hivyo ndivyo vinavyokuonyesha uzi umejikunjaje.

Perutz hakuwa na programu. Alikuwa na fuwele, mionzi, na picha zenye mamia ya madoa meusi. Ukali wa kila doa aliweza kuupima, lakini nusu ya taarifa iliyohitajika kujenga umbo haikubaki kwenye picha. Wenye busara wengi waliona kijana anapoteza muda.

Halafu vita ikamkuta. Mwaka 1938 Hitler akaitwaa Austria. Biashara ya familia ikanyang'anywa, wazazi wakawa wakimbizi, na ile pesa ya baba iliyokuwa ikimsomesha ikakatika ghafla. Lawrence Bragg, mkuu mpya wa maabara ya Cavendish, aliziona zile picha akapendezwa nazo, akamtafutia fedha kutoka mfuko wa Rockefeller kuanzia Januari 1939. Fedha hiyo ndiyo iliyomwezesha pia kuwavusha wazazi wake hadi Uingereza mwaka huohuo.

Mwaka 1940 akapata shahada ya udaktari. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikamkamata. Kosa lake? Alizaliwa Austria, kwa hiyo alihesabiwa ni raia wa adui, ingawa huyo adui ndiye aliyeifukuza familia yake. Wakamsafirisha mpaka Kanada, wakamfungia kambini Quebec. Alikuwa na miaka 26. Mle ndani, katikati ya waya wa miiba, akaandaa chuo kikuu. Akawakusanya wafungwa wenzake waliosoma, kila mmoja akapewa somo la kufundisha: Hermann Bondi hisabati, Klaus Fuchs fizikia, na yeye mwenyewe jinsi atomu zinavyopangika ndani ya fuwele. Vijana waliokatiziwa masomo wakaendelea kusoma. Nimefundishwa kozi nyingi za mbinu za ufundishaji na falsafa ya elimu, lakini kambi ile ndiyo iliyonifanya niielewe kazi ninayoisomea.

Januari 1941 akarudishwa Cambridge. Muda si mrefu watu wa serikali ileile wakamfuata kwa kazi ya siri, kwa kuwa aliwahi kuchunguza barafu ya milimani Uswisi. Walitaka kujenga meli ya barafu iliyochanganywa na majimaji ya mbao, ndege zitue juu yake katikati ya bahari. Alijaribia mchanganyiko huo chini ya soko la nyama la Smithfield, London, kwenye chumba cha baridi. Meli haikujengwa. Perutz akarudi kwenye himoglobini yake.

Vita vikaisha, miaka ikazidi kwenda. Mwaka 1947 akapewa kitengo kidogo cha utafiti, yeye na John Kendrew tu. Akatoa wazo kwamba ndani ya himoglobini minyororo imejipanga kama fimbo sambamba zilizotiwa kwenye kopo. Mwanafunzi mmoja mpya akasimama kwenye semina akaonyesha kwamba wazo hilo haliwezi kuwa kweli, na kwamba njia zote walizokuwa wakitumia hazitafika popote. Mwanafunzi huyo alikuwa Francis Crick, ambaye baadaye na James Watson walitambua umbo la DNA. Hebu fikiria: mtu una miaka zaidi ya 10 kwenye kazi, na mwanafunzi wako anakuvua nguo mbele za watu. Perutz hakumfukuza Crick. Akakubali kwamba anahitaji njia nyingine.

Njia ilipatikana mwaka 1953. Alichukua atomu za zebaki, ambazo ni nzito, akazibandika mahali maalumu kwenye himoglobini. Zebaki haikuiharibu molekuli, ila ilibadilisha ukali wa madoa kwenye picha. Akilinganisha picha yenye zebaki na isiyo nayo, ile nusu ya taarifa iliyokosekana ikaanza kupatikana. Bado ilimchukua miaka sita. Kendrew, aliyeshika protini ndogo zaidi, mayoglobini, ambayo ni kama robo ya himoglobini, alimtangulia kufika kwa njia hiyohiyo. Septemba 1959 hesabu za Perutz zikatoa umbo: minyororo minne iliyojikunja na kukumbatiana. Mwaka 1962 wote wawili wakapewa Nobel pamoja.

Wengi wangeishia hapo, wakala pensheni na mihadhara. Lakini lile swali la Haurowitz lilikuwa halijajibiwa. Jibu alilitoa mwaka 1970, na ni jibu la migusano. Himoglobini isiyo na oksijeni imebanwa na vifungo vya chumvi, yaani asidi amino yenye chaji chanya imeshikana na yenye chaji hasi. Kwa mfano, asidi amino ya mwisho ya mnyororo wa beta, histidini namba 146, imeshikana na asidi aspatiki namba 94 ya mnyororo huohuo, na upande mwingine inagusa mnyororo jirani wa alfa. Oksijeni ikitua kwenye chuma kilicho katikati ya mnyororo, chuma kinasogea kidogo, kinavuta kilichoshikamana nacho, na vifungo vile vinaachia. Nusu moja ya molekuli inazunguka kwa kama digrii 15 dhidi ya nusu nyingine. Nafasi zilizobaki sasa zinapokea oksijeni kwa urahisi zaidi. Ikifika kwenye misuli, mambo yanarudi kinyume, oksijeni inashushwa. Kila unapovuta pumzi, migusano hiyo inaachia na kushikana tena.

Sasa niwarudishe nyumbani. Kimamba iko kwenye Reli ya Kati, si mbali na Kilosa mjini, na sifa yake ya zamani ni mkonge. Ni joto, na mbu hawajawahi kutusahau. Sehemu kama hizo, zenye malaria miaka nenda rudi, ndizo zenye selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kulifuatilia jambo hilo mwaka 1949, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yake kutoka Afrika Mashariki: wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba hicho ni kingi ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Anayebeba kimoja haumwi. Anayerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, ndiye anayeumwa. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa hivyo.

Ugonjwa wenyewe ni mgusano mmoja usiotakiwa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti ya chaji. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa kwenye kitengo cha Perutz, akaonyesha tofauti ni asidi amino moja tu. Kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya sita, asidi glutamiki imetoka, imeingia valini. Asidi glutamiki ina chaji na inapenda maji. Valini ni kama mafuta, inayakwepa. Iko nje, juu ya molekuli, haina pa kujificha. Oksijeni ikishashuka, molekuli jirani inakuwa na kishimo kati ya asidi amino namba 85 na namba 88 za mnyororo wake wa beta. Valini inazama humo. Molekuli mbili zimeshikana. Inakuja ya tatu, ya nne, mpaka zinakuwa uzi mrefu.

Na hizi nyuzi zinajisokota. Nyuzi 14 zinafanya kamba moja. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, maana sisi Kimamba tunajua kamba inatokana na nini. Uzi mmoja wa katani unaukata kwa mkono. Sokota 14 pamoja, unafungia ng'ombe. Kamba hizo zikijaa ndani ya seli nyekundu zinaisukuma mpaka inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu ya mifupa, kifua na viungo yanapotoka. Perutz mwenyewe aliligusa jambo hili mapema: mwaka 1950, yeye na mwenzake walionyesha kwamba himoglobini ya selimundu ikikosa oksijeni inashindwa kuyeyuka vizuri, inajipanga kama fuwele.

Nilifundisha mada hii kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Nne, kwenye shule moja ya huko kwetu. Kitabu kinaleta selimundu kama mchezo wa herufi: baba AS, mama AS, toa uwezekano. Wanafunzi wanapata robo, wanapigiwa makofi, kipindi kimeisha. Nikaenda na nyuzi za katani. Nikampa kila mmoja uzi, nikawaambia fundo moja tu ndilo linaloruhusiwa kushika la mwenzako. Dakika chache darasa lilikuwa limefungana, hakuna wa kutoka. Kipindi kilipoisha binti mmoja alinifuata nje. Alitaka kujua kama mdogo wake, ambaye vidole vilivimba akiwa mchanga na ambaye kila baridi ya Juni analia usiku kucha, naye ana zile kamba. Nyumbani walikuwa wameshaambiwa amerogwa. Shuleni alikokuwa akisoma alihesabiwa mtoro. Nilimwambia mimi si daktari, ila kuna kipimo cha damu na ampeleke mama hospitali na swali hilo.

Nimekaa nalo sana hilo. Kuna watu hapa chuoni wanauliza utafiti una tija gani kama hauleti kitu sokoni. Wangemuuliza Perutz mwaka 1950, angekuwa hana la kuwaonyesha. Hata baadaye, miaka ya 1980, alishirikiana na wenzake kutafuta dawa za kuzuia nyuzi zisishikane, na dawa ya kufika hospitalini haikutoka humo. Hakumponya mgonjwa hata mmoja wa selimundu, na sioni sababu ya kumpamba.

Lakini tazameni haidroksiyurea, dawa wanayotumia wagonjwa leo, hata hapa nchini. Inaufanya mwili utengeneze kwa wingi himoglobini ya kichanga, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Himoglobini hiyo haiungi vizuri kwenye kamba, hivyo inazikatiza. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huwa mzima miezi ya mwanzo, kisha mambo yanaanza. Ukijua nani anagusa nani, hayo yote yanaeleweka. Usipojua, mtoto aliyekuwa mzima anaanza kuumwa ghafla, na jirani anaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Kwa yule binti, tija ndiyo hiyo.

Perutz aliongoza maabara kubwa ya Cambridge tangu 1962 hadi 1979, na mkewe Gisela ndiye aliyesimamia kantini, ambako watafiti wakubwa kwa wadogo walikula meza moja. Alipostaafu hakutoka maabara. Mwishoni alikuwa anachunguza ugonjwa wa Huntington, ambao nao ni wa protini zinazong'ang'aniana. Alifariki tarehe 6 Februari 2002, akiwa na miaka 87. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Wenzangu wa kitivo cha elimu, mwakani tutapangiwa vituo, wengine Kilosa, wengine Musoma, wengine Tanga. Darasani utakuta mmoja. Anayeomba ruhusa ya maji kila mara, mruhusu, maji yanamsaidia. Usimkimbize uwanjani asubuhi ya baridi kwa kuchelewa. Akikosa shule wiki nzima, ulizia kwanza kabla hujaandika mtoro. Ukifika mada ya jenetiki, waambie pia wakapime kabla ya kuoa na kuolewa, maana wazazi wawili wenye AS kila mimba ina uwezekano wa robo. Na kama wilaya uliyopangiwa ina mkonge, omba fungu la katani, linatosha darasa zima.